Siku Tano Mjini Berlin

Safari za Waswahili kwenda Berlin si jambo jipya, wala kuziandika si jambo jipya. Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa mjini humo mwaka 1887, na haukupita muda mrefu kabla hakijahitaji watu wa pwani yetu wa kusomesha Kiswahili. Amur bin Nasur wa Unguja alikuwa miongoni mwa waalimu wale wa mwanzo. Selim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na bwana wake wa Kijerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari zake zikachapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Mtoro bin Mwenyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye sisi tunaopenda nathari ya Kiswahili tuna deni lake kwa Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903, aliishi mji ule na kufia humo mwaka 1927. Kwa hiyo mimi, niliyefika huko mwezi wa Septemba 2025 nikiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, sikujihisi mgeni wa kwanza mlangoni. Nilijihisi kama mtu aliyechelewa karamu, akakuta sahani zimekwisha kuoshwa lakini harufu ya pilau ingali hewani.

Kwetu ni Njinjo. Msomaji wa visiwani huenda hapajui, nami simlaumu. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya kusini, ukafika Nangurukuru, magari ya Lindi hunyoosha mbele na machache hukata kulia kuingia bara kwa njia ya Liwale. Njinjo imo katika njia hiyo, katika bonde la mto Matandu. Kaskazini yetu ni vilima vya Wamatumbi. Tunalima ufuta, mpunga na mihogo, na tembo hutusaidia kuvuna bila ya kuombwa. Darasa la saba ndilo lililokuwa dawati langu la mwisho. Kiingereza nilikipata redioni na katika vitabu vilivyochanika, na Kijerumani nilikianza kwa kamusi kuukuu niliyoinunua chini, pembeni mwa mtaa wa Dar es Salaam, nikiwa na miaka thelathini. Kijerumani changu basi ni cha macho kuliko cha ulimi. Husoma kurasa mbili kwa utulivu, na nikiulizwa saa nikatoka jasho.

Tulikuwa watu watano ndani ya gari moja, kile kibasi ambacho sisi hukiita kipanya: washairi wawili, mpiga fidla mmoja wa Unguja, mfasiri mmoja wa Kijerumani aliyejifunza Kiswahili Zanzibar, na dereva wetu, mtu wa Tanga aliyekaa Hamburg miaka mingi hata husema Kiswahili cha Tanga kama kilivyokuwa alipoondoka. Safari nzima ilikuwa ya wiki sita, ya kusoma mashairi katika miji midogo na mikubwa, kutoka Hamburg hadi Praha na kurudi. Tulilala mara nyingi humo humo garini, tukiwa tumepangana kama dagaa, na mpiga fidla akikumbatia fidla yake kwa kuchelea baridi isije ikapasua mbao.

Hamburg ndiko tulikoanzia, na kwangu mimi mwanzo huo ulikuwa na maana ambayo wenzangu hawakuijua mpaka nilipowaeleza njiani. Masanduku yaliyotoka bandari ya Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, yenye mifupa iliyochimbwa kilima cha Tendaguru, yalishushwa Hamburg, kisha yakapelekwa Berlin. Nasi tulikuwa tukifuata njia ile ile, kilomita karibu mia tatu, katika barabara iliyonyooka hata usingizi unakupata huku umekodoa macho. Kule kwetu mzigo ule ulikwenda kwa mabega. Kutoka Tendaguru hadi Lindi ni mwendo wa siku kadhaa kwa mtu aliyetwishwa, na tani zilizosafirishwa zilizidi mia mbili. Kwa anayetaka kuifahamu hesabu hiyo, achukue mzigo wa kilo thelathini kichwani, kisha ajiulize tani moja ni watu wangapi.

Babu yake shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Ndivyo isemavyo familia. Alikimbia njaa iliyofuata vita vya Maji Maji, akashuka kusini kuelekea Lindi, akaandikwa kazi ya kubeba kwa Wajerumani waliokuwa wakifukua kile ambacho wazee walikisema kuwa ni mifupa ya zimwi. Shangazi sasa ana zaidi ya miaka themanini. Alipopata habari kwamba nitafika Berlin hakuniagiza kanga wala kitambaa. Aliniagiza nikaangalie kama wameandika jina. Jina lenyewe siliandiki hapa kwa kuwa hakuniruhusu. Alisema litaandikwa kwanza na wale waliomtwisha mzigo, ndipo sisi wajukuu tuandike. Aliongeza jambo lililonishughulisha safari nzima: mzee yule alikuwa na majina mawili, moja la nyumbani alilopewa jandoni, na jingine alilojipa kazini, kama ilivyokuwa ada ya vibarua wa zamani. Lipi kati ya hayo karani angeliandika, hata yeye hajui.

Tulifika Berlin jioni, na mji haukutupokea. Ndani ya duara la reli linalozunguka katikati ya mji, gari lisilo na stika ya kijani ya kuthibitisha kwamba moshi wake si mchafu haliruhusiwi kuingia, na kipanya chetu kilikuwa na moshi wa kutosha kufukizia mizinga ya nyuki. Dereva akakiegesha nje ya duara hilo, karibu na kituo cha treni, na kwa siku tano tulitoka na kurudi kwa treni kama wafanyakazi. Nililipenda jambo hili. Mtu aingiaye mji mkuu kwa treni ya asubuhi, amesimama kati ya watu wasiomtazama, huuona mji ukiwa haujavaa nguo zake za wageni.

Nguo za wageni nazo nilizitazama, lakini kwa haraka. Lango la Brandenburg, lililokamilika mwaka 1791, ni dogo kuliko picha zake. Ukuta ulioanguka mwaka 1989 umebaki vipande, na mahali pengi ni mstari wa mawe mawili mawili uliolazwa barabarani, ambao watu huuvuka wakila mkate. Mshairi mwenzangu alisimama juu ya mstari huo, mguu mmoja mashariki na mmoja magharibi, akataka apigwe picha. Mimi nilikuwa nikimfikiri Ebrahim Hussein, mwana wa pwani yetu ya kusini, aliyekuja upande wa mashariki wa mji huu katika miaka ya 1970 kusomea udaktari wa tamthilia katika Chuo Kikuu cha Humboldt. Alikuwa amekwisha kuandika Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Mtu aliyeandika juu ya neno lililomponyoka msemaji wake, likaenda likawa vita, aliishi miaka ile katika nchi ya watu wanaochunga kila neno. Chuo hicho kipo bado, katika barabara ya Unter den Linden. Wanafunzi walikuwa wakinunua vitabu vikuukuu mbele ya lango, juu ya meza, kama pale niliponunulia kamusi yangu.

Siku ya pili tulikwenda Wedding, kaskazini ya mji, katika mtaa uitwao wa Kiafrika. Mtaa huu ulianza kupewa majina yake mwaka 1899, kwa barabara za Kamerun na Togo, ulipokuwa ufalme wa Kijerumani ukijivunia makoloni. Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, alikusudia kufungua bustani ya wanyama karibu na hapo, na vita vya mwaka 1914 vikamkatiza. Majina yakabaki na kuongezeka. Ukishuka katika treni ya chini ya ardhi kituo kiitwacho Afrikanische Strasse, unatembea kidogo ukakutana na Tanga, ukakutana na Usambara. Msomaji wa Unguja asishangae: ipo na Sansibarstrasse, barabara tulivu yenye miti, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo, na mtu mmoja alikuwa akikung'uta zulia dirishani. Mpiga fidla wetu alitembea mwanzo hadi mwisho wake bila ya kusema neno, kisha akasema hakunusa hata karafuu moja.

Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya barabara nyingine. Ilikuwa ikiitwa Petersallee tangu mwaka 1939, kwa heshima ya Carl Peters, yule aliyepita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwaka 1884 akiwatia masultani saini katika karatasi wasizoweza kuzisoma, na ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu. Hati ya kifalme ya kumhami yeye na kampuni yake ilitolewa tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya kufungwa ule mkutano wa Berlin uliokaa katika barabara ya Wilhelmstrasse tangu Novemba 1884. Mwaka 1986 wakubwa wa mji waliona aibu, wakatangaza kwamba Peters wa barabara hii sasa ni Peters mwingine, mwanasiasa aitwaye Hans Peters aliyempinga Hitler. Kibao hakikubadilika. Huu ni ufundi wa kufasiri ambao sijapata kuuona popote: kuacha neno vile vile na kubadili maana yake kwa barua ya serikali. Wakaazi na vyama vya watu weusi wa Berlin hawakuridhika, wakaendelea kudai kwa miaka mingi, mpaka tarehe 23 Agosti 2024 jina likaondolewa. Sehemu moja ya barabara ikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia, na sehemu ya pili ikaitwa Maji-Maji-Allee.

Nilisimama chini ya kibao kile muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Vita vile vilianza kwetu. Mwezi wa Julai 1905, pale Nandete, juu ya vilima ambavyo sisi wa Njinjo tunavitazama kila asubuhi, watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule. Moto ukaenea hadi Songea na Mahenge, nao haukuzimika kabisa mpaka mwaka 1907. Wajerumani walichoma ghala na mashamba kwa makusudi, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Gwassa, mwanahistoria ambaye mwenyewe alitoka katika Wamatumbi na aliyewahoji wazee walioviona vita kwa macho yao, alikisia roho zilizopotea kuwa kati ya laki mbili na nusu na laki tatu. Utotoni mwangu maneno haya hayakuwa historia. Yalikuwa sababu ya kutokuwako kwa watu fulani: kwa nini ukoo huu hauna mjomba, kwa nini shamba lile halina mwenyewe.

Na sasa ni anuani. Yupo mtu aandikaye barua ya umeme na simu akaweka chini yake Maji-Maji-Allee, nambari ya nyumba na nambari ya posta. Mama mmoja mzee alitoka na mbwa wake, akaniona nimetumbua macho, akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia kwa Kijerumani changu cha macho kwamba natoka mahali lilikotoka jina hili. Akalisoma kwa sauti: "Mayi Mayi." Herufi ya j kwa Wajerumani husomeka y, na kwa hiyo alinitamkia karibu kama mtu wa Lamu, ambaye maji kwake ni mai. Nilikuwa nimejitayarisha kumsahihisha, nikaona haifai. Nilimwambia tu kwamba maana yake ni maji. Akafikiri kidogo, akauliza: mara mbili? Nikasema mara mbili. Akasema jina la zamani alilizoea miaka arobaini, na kwamba daktari wake bado huandika la zamani, lakini hili ni zuri zaidi kulitamka. Mbwa akamvuta wakaenda.

Usiku ule garini tulibishana. Mshairi mwenzangu alisema kibao ni kibao, na pesa za kubadili kibao ni ndogo kuliko pesa za kujenga zahanati moja Nandete. Mfasiri wa Kijerumani alisema wapo watoto wa Berlin ambao wasingelisikia habari ya vita vile maisha yao yote, na sasa watamwuliza mwalimu. Dereva, ambaye kwa kawaida hunyamaza, alisema yeye amekaa Ujerumani miaka mingi na hajaulizwa na mtu hata mmoja anatoka mtaa gani wa Tanga. Mimi nilikuwa na langu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akasimama mbele ya makaburi ya walionyongwa, akaomba Verzeihung. Magazeti yetu yaliandika kwamba ameomba radhi, mengine kwamba ameomba msamaha. Kwa siku mbili ndani ya treni za Berlin nilikuwa nimelisikia neno lile lile kila mtu alipomkanyaga mwenziwe mguu. Verzeihung, naye anapita. Mfasiri mwenzetu alinihakikishia kwamba neno ni moja, zito na jepesi, na kwamba uzito wake hutegemea kinywa na mahali. Sisi tunayo maneno mawili matatu. Samahani ni ya kukanyagana. Msamaha huombwa na kutolewa, na anayeutoa ndiye mkubwa. Radhi ni jambo jingine kabisa: ni ya wazazi, ni ya Mungu, na mtu aliyekosa radhi hata akifaulu duniani hajafaulu. Kama ningelikuwa mimi mkalimani siku ile Songea ningelichagua radhi, si kwa kuwa ndiyo aliyoikusudia bali kwa kuwa ndiyo tunayomdai.

Siku ya tatu nilikwenda maktaba. Nililotaka kuliona kwa macho yangu ni Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Wasomi wengi wanaujua kwa toleo la Whiteley la mwaka 1957, lakini kabla ya hapo ulichapwa Berlin, mwaka 1933, katika jarida la kile kile Chuo cha Lugha za Mashariki walikosomesha Amur na Mtoro. Nililetewa jalada, nikakaa nalo saa tatu. Utenzi huo unaitazama vita kutoka Lindi mjini. Sisi watu wa ndani tumo kama kishindo kinachosikika kwa mbali. Hata hivyo ni beti za Kiswahili, zilizotungwa na mtu aliyeishi siku zile, juu ya mambo ambayo makamanda waliyaandika kwa taarifa na hesabu za risasi. Nilihesabu mizani kwa vidole juu ya meza, kama nifanyavyo nyumbani, na kijana wa maktaba akanitazama akidhani napiga kinanda. Nilipoinua kichwa ndipo niliposikia uchungu ambao barabara haikunipa: kwamba kuusoma utenzi wa Lindi mara ya kwanza ulipochapwa, mtu wa Kilwa lazima aje hapa, atoe pasipoti.

Jambo la Mtoro pia halikunitoka. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata, walipofika kwa meli bandari ya Dar es Salaam, serikali ya koloni ikamzuia asishuke na mkewe. Wakarudi Ujerumani. Alikuwa akiitazama nchi yake kutoka ubavuni mwa meli. Mwaka ule ule wa 1905. Tena yuko Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, naye alisomesha Kiswahili Berlin. Alikamatwa na serikali ya Hitler kwa kosa la mapenzi na mwanamke wa Kijerumani, akafia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mbele ya nyumba nambari 193 ya Brunnenstrasse limetiwa jiwe dogo la shaba lenye jina lake, sakafuni mwa njia ya miguu. Ni lazima uiname kulisoma. Nilipenda hivyo. Majina mengi ya mji ule yako juu, na unayasoma kwa kuinua kidevu.

Siku ya nne, Invalidenstrasse, makumbusho ya elimu ya viumbe. Nilikuwa nimeahirisha kwa kusudi.

Ukumbi ni mkubwa, paa lake la vioo, na yeye anasimama katikati. Kimo chake ni mita 13 na sentimita 27. Alisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, akiwa ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, akashushwa mwaka 2005 na kupandishwa tena 2007 kwa mkao uliosahihishwa. Hakuna kiunzi cha dinosaria kirefu kuliko hicho kilichosimamishwa popote duniani. Watoto wa shule walikuwa wamelala chali sakafuni wakimchora, na kichwa chake kilikuwa mbali juu, kidogo, kama cha mtu aliyepanda mnazi. Nilimtazama mguu. Paja peke yake linanizidi kimo. Nikatafuta begani mwangu mahali ambapo kitu kile kingekaa, nikapakosa. Mifupa mikubwa ilivikwa mianzi na udongo, ikafungwa kwa kamba, ikachukuliwa kwa miti, watu wengi kwa mfupa mmoja. Baadhi ya vifurushi hivyo vya mianzi havijafunguliwa mpaka leo, vimo ghalani humo humo Berlin.

Nitasema juu ya majina, maana ndiyo niliyotumwa. Mnyama huyu aliitwa mwaka 1914 Brachiosaurus brancai na Werner Janensch, mkuu wa uchimbaji, kwa kumheshimu Wilhelm von Branca, profesa wa Berlin aliyeuanzisha msafara. Sasa wataalamu wengi humwita Giraffatitan, lakini brancai imebaki. Ndugu yake mdogo, mwenye miguu ya kukimbilia, alipewa baada ya vita vya kwanza vya dunia jina la lettowvorbecki, kwa heshima ya Lettow-Vorbeck, jenerali ambaye vita vyake vilipita tena kusini mwetu na kuwachukua wapagazi wasiohesabika. Yaani mifupa iliyochukuliwa na wapagazi ilipewa jina la mtu aliyewamaliza wapagazi. Sikuongeza neno hapo. Mifupa yenyewe ilianza kujulikana kwa Wazungu mwaka 1906, alipoikuta mhandisi mmoja wa madini, Sattler, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimika. Chimbo lilifunguliwa mwaka 1909, katika nchi iliyokwisha kutolewa watu na njaa. Vibarua walifika mpaka mia tano kwa wakati mmoja. Hawakukosekana watu wa kubeba, kwa kuwa hapakuwa na chakula pengine. Watafiti wa makumbusho yenyewe waliyaandika hayo kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 2018, na kwa haki ni lazima niseme hawakujipaka manukato.

Kuhusu kurudishwa kwake, suala hilo limeulizwa Bungeni kwetu mara kadha, na kila mtu ana jibu. Mimi nilidhani nitatoka mle ukumbini nikiwa na jibu kali. Nilitoka na mashaka: Lindi itamweka wapi, nani atauza tikiti, na mtu wa Mipingo, kijiji kilicho karibu na chimbo, atapata nini zaidi ya kuambiwa asipige picha? Lakini mashaka haya ni yetu kuyatatua. Hayampi mwingine haki ya kututatulia. Kwa miaka themanini na zaidi wageni wamelipa kuingia kumwona, na njia ya Mipingo wakati wa masika haipitiki.

Jina la babu halikuwamo katika vibao nilivyovisoma, wala sikulitarajia kuwamo. Nililokuta ni jingine. Jina la Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, aliyejua kufukua na kutengeneza mifupa kuliko mabwana wengi waliopita pale, limo katika jina la mnyama mwingine wa Tendaguru tangu mwaka 2007: Australodocus bohetii. Na mwaka 2019 mkia wa mjusi mmoja, uliokaa Berlin zaidi ya miaka mia moja ukihesabiwa kuwa ni wa mnyama mwingine, ulitambuliwa kuwa ni wa aina yake, ukaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa Wamwera wenye nchi na kwa Mohammadi Keranje, mmoja wa wasimamizi wa kazi. Kilatini sikijui, lakini cauda nililitafuta: ni mkia.

Siku ya tano ilinyesha, tukaondoka kuelekea Praha. Tulipokuwa karibu na mpaka nilimpigia shangazi. Mtandao wa Njinjo siku hiyo ulikuwa mwema. Nikamwambia nimemwona mnyama, nikamweleza kimo chake kwa minazi, akaguna. Nikamwambia jina la babu sikulikuta. Akasema alijua. Nikamwambia lakini yako majina mawili ya watu wetu, nikamfasiria lile la pili polepole: Mkia wa Wamwera, wa Keranje.

"Mkia!" akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanyamaza, nami nikadhani simu imekatika.

"Na huyo Keranje," akauliza, "wajukuu zake wameambiwa?"

Nilimwambia kwamba hilo sikulisoma popote. Akaniambia basi nikirudi nipite Lindi kwanza, niulize, kabla ya kuja nyumbani.